Bei inashukia kwenye reli: kutafuta nyumba Lubumbashi

Bandugu wa chama, safari hii siandiki juu ya wafalme wala vita. Ninaandika juu ya kutafuta nyumba. Mwenye lupango wetu alitupa miezi mitatu tutoke, kwa sababu mtoto wake wa kwanza anaoa na anataka kukaa pale. Siwezi kumulaumu. Lakini mimi na mama ya watoto tuko na watoto watatu, mushahara wa mwalimu, na feza ya garanti ya miezi mitatu, haipiti hapo.

Nimefundisha historia ya muji huu kwa miaka kumi na mbili, nikiwa nimesimama mbele ya ubao. Kuitembea kwa miguu nimefundishwa na komisionere.

Ni papa mmoja mwenye miaka karibu sabini. Zamani alikuwa mufanyakazi wa Gécamines, akatoka mwaka 2003, wakati wafanyakazi zaidi ya 10,000 walipochukua feza ya mwisho na kuacha kazi, mpango uliolipwa na Banki ya Dunia. Anatembea na kaye ya mwanafunzi: jina la kartie, hesabu ya vyumba, bei. Feza ya kutembeza unamulipa mbele hamujatoka. Nyumba ikipatikana, anachukua tena mwezi mmoja wa komision. Na hapunguzi. Nilijaribu.

Alinianzishia katikati ya muji, mu villa ya zamani ya muzungu. Tulipita villa yenyewe pembeni, tukaenda mpaka nyuma kabisa: vyumba viwili, choo inje, dola 150 kwa mwezi.

"Prof, hii njo boyerie. Maji haikatike hapa."

Nilicheka, kwa sababu wiki ile nilikuwa nimetoka kufundisha neno hilo. Muji ulianzishwa mwaka 1910 kwa jina la Élisabethville, mwaka uleule reli ilipofika kutoka Rhodesia. Wakubwa waliutenga: bazungu upande huu, weusi upande ule. Mweusi aliyeruhusiwa kulala upande wa bazungu ni boyi, nyuma ya lupango, karibu na jiko. Wengine usiku ukiingia lazima wawe wamevuka kurudi kwao. Ukikamatwa bila karatasi, ni shida. Sasa ni mimi, mwenye diplome yangu, ninaulizwa dola 150 kwa chumba cha boyi. Nilimwambia papa twende mbele.

Tukashuka, tukapita kwenye Tunnel chini ya reli, tukatokea Kamalondo. Papa akafungua kaye yake: vyumba vitatu, dola 90. Nikamuuliza, "Papa, mbona bei inaanguka hivi, na hatujatembea hata dakika kumi na tano?"

"Ni reli, mwanangu. Tangu nijue akili, bei inashukia palepale."

Pale njo nilisimama kidogo. Mwaka 1921 serikali ya ukoloni iliwahamisha watu weusi na kuwapeleka kwenye kartie mpya iliyoitwa Cité Albert, ile tunayoita leo Kamalondo. Katikati waliacha ukanda mtupu wa mita mia kadhaa, hakuna kujenga nyumba. Sababu waliyoitoa ilikuwa ya wadaktari: mbu wa malaria hawezi kuruka mbali vile, basi ugonjwa wa mweusi hautafika kwa muzungu. Mbu yule boyi aliyelala nyuma ya villa hawakumuona. Ukanda ule umeisha kujengwa siku nyingi, na muji ukabadilishwa jina mwaka 1966, lakini bei inajua ulipokuwa. Mwenye villa hajui habari ya mbu wala Cité Albert. Anajua tu kwamba "upande huu" ni dola nyingine.

Nyumba ya Kamalondo ilikuwa imechukuliwa asubuhi yake. Wanaotafuta nyumba munajua maneno haya: "Walitoka hapa sasa hivi."

Siku ya pili akanipeleka kwenye kambi ya zamani ya Union Minière. Hakuitazama kaye, njia ile anaijua usingizini. Mwanzoni kampuni iliwaleta vijana wasio na wake, wakafanya kazi miezi, wakarudi kwao. Mwishoni mwa miaka ya 1920 ikabadilisha: mufanyakazi aje na bibi, azae palepale, mutoto asome palepale, na siku moja aingie mu kazi ya baba. Nyumba, hospitali, masomo, na chakula cha juma kilichoitwa posho. Mpaka leo jumamosi yetu tunaiita siku ya posho. Mukubwa wa kambi walimuita changachanga, maana aliwachanganya watu wa kila kabila. Lakini nyumba ilikuwa ya kazi. Kazi ikiisha, unatoka.

Papa alisimama mbele ya nyumba moja na hakuongea. Kisha akasema, "Hapa nilizalia watoto bane," tukaendelea. Kule pia hatukupata.

Tulipata Katuba. Mwenye nyumba ni mama muzee, mujane, nyumba ilijengwa na baba yake katika miaka ya 1950. Wakati ule komisere wa distrikti, Ferdinand Grévisse, alikuwa ameleta mpango wa mukopo: mutu anapewa kiwanja na deni la kununulia vifaa, anajijengea na fundi wake, analipa kidogo kidogo kila mwezi. Mama alizungumza juu ya baba yake na deni lile kama ni jambo la juzi. Aliposema "alilipa yote" alipiga ukuta kwa kiganja. Niliipenda nyumba palepale. Dola 70.

Kisha akaniangalia vizuri. "Weye uko muntu wa wapi?"

Bandugu, swali hili kwa komisionere au kwa mwenye nyumba si salamu. Baba yangu ni mutu wa Kasai. Mimi nilizaliwa Likasi. Mwaka 1992 na 1993 maelfu ya watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa Likasi na Kolwezi, wakalala kwenye stasion na majirani zao wakiwatazama, wakingoja treni. Baba aliuza nyumba yetu kwa feza ya safari na unga. Tukaishia Mwene-Ditu, na mimi nikarudi huku kijana, kusoma.

Nikamjibu, "Mama, nilizaliwa Likasi."

Alinyamaza. Papa alikuwa anatazama viatu vyake.

"Garanti ni miezi sita," akasema mama.

Kama hilo njo lilikuwa jibu lake kwa Likasi, au angemwambia kila mutu vilevile, sijui mpaka leo. Nilimwambia juu ya sheria ya tarehe 31 Desemba 2015, inayosema garanti ya nyumba ya kukaa haipite miezi mitatu. Akacheka, si kwa ubaya. "Ile sheria ilikuja kuona bati yangu?" Akanionyesha: kwenye chumba cha pili bati imetoboka, mvua inaingia. Anataka feza ya kutengeneza.

Hapa papa alipata haki ya komision yake. Aliwaza, akasema: miezi mitatu sasa, bati niibadilishe mimi kwa feza yangu, na bei yake itolewe kwenye loyer kila mwezi mpaka iishe. Mama alifikiri sana. Akauliza bibi yangu anapika nini. Akakubali.

Tuliandika yote kwenye karatasi mbili, na papa akatia sahihi kama shahidi. Halafu nikaenda biro ya kartie kujiandikisha. Kwenye fishi kulikuwa mustari wa asili. Niliandika Likasi. Karani alisoma, akaniangalia, akapiga muhuri.

Tunahama siku ya posho. Anayejua mutu wa pusupusu mwenye bei nzuri upande wa Katuba aniandikie, na fundi wa bati pia.