Vita ya Kisanduku: Watunzi wa Klasiki Mikononi mwa Wahariri wa Wikipedia

Kwa zaidi ya miaka kumi na mitano, wahariri wa kujitolea wa Wikipedia ya Kiingereza waligombania kisanduku kidogo kinachokaa juu ya makala, upande wa kulia: picha ya mhusika, na chini yake mistari michache inayosema alizaliwa lini na wapi, alifariki lini, alifanya kazi gani. Ugomvi huo uliwaka zaidi kwenye makala za watunzi wa muziki wa klasiki wa Ulaya, kina Bach, Mozart, Beethoven na Wagner. Ulifika mara mbili mbele ya Kamati ya Usuluhishi, chombo cha mwisho cha kuamua migogoro ya wahariri hao, na baadhi ya wachangiaji wa siku nyingi waliweka kalamu chini wasirudi. Wengi waliousikia kwa mbali waliucheka: watu wazima, wasiolipwa hata senti, wanatupiana maneno usiku kucha kwa ajili ya mstatili wa rangi ya kijivu. Naamini waliocheka hawakuona kilichokuwa kikibishaniwa. Ni swali la tangu zamani katika uandishi wa maisha ya wanamuziki, kwamba ni jambo gani juu ya mtu linaweza kusemwa kwa neno moja, na ni nani mwenye haki ya kulisema. Na nadai zaidi ya hapo: upande ulioshindwa katika vita hii ndio ulioacha alama kubwa kuliko mshindi.

Swali hilo lilikuwepo kabla ya kompyuta. George Grove alipotoa kamusi yake ya muziki mjini London kati ya 1879 na 1889, wasomi wa Ulaya walikuwa tayari wanawagawana watunzi kwa mataifa. Haydn, aliyezaliwa 1732 katika kijiji cha Rohrau karibu na mpaka wa Hungaria, alikuwa akihesabiwa Mwaustria wa Kijerumani mpaka Franjo Kuhač wa Kroatia alipodai, karibu na 1880, kwamba asili yake ni Mkroatia, kwa sababu baadhi ya tuni zake zinafanana na nyimbo za wakulima wa Kroatia. Mwingereza Henry Hadow akalishika dai hilo, akalitolea kitabu kizima mwaka 1897. Kwa miongo kadhaa msomaji wa Kiingereza aliyetaka kujua Haydn ni nani alilikuta likisemwa kwa uzito wa kitaaluma, hadi Ernst Fritz Schmid alipochapisha mwaka 1934 utafiti wa kina wa ukoo wa Haydn, kumbukumbu baada ya kumbukumbu, akaonyesha kwamba mababu zake walikuwa wasemaji wa Kijerumani. Ubishi huo ulichukua zaidi ya nusu karne, na ulipita katika vitabu ambavyo msomaji wa kawaida asingeweza kuvipata vyote. Aliyeshika toleo moja mkononi aliona hukumu tu. Mabishano yaliyoizaa hakuyaona.

Wikipedia ilipoanza Januari 2001 iliyageuza mambo hayo juu chini. Kila badiliko linahifadhiwa, lina saa na jina la aliyelifanya, na kila makala ina ukurasa wa majadiliano ambako wahariri hubishana hadharani. Hapo ndipo utaifa wa Chopin ulipotenguliwa na kurudishwa mara zisizo na idadi, leo Mpolandi, kesho Mfaransa, keshokutwa Mpolandi-Mfaransa, kwa kuwa baba yake alitoka Lorraine, yeye mwenyewe akapata uraia wa Ufaransa mwaka 1835, na moyo wake umezikwa Warsaw ilhali mwili uko Paris. Tangu mwaka 2004 iko kanuni inayomzuia mhariri kutengua kazi ya wenzake zaidi ya mara tatu katika saa ishirini na nne, na vita za namna hii ndizo zilizoifanya ihitajike.

Kisanduku kiliingia katika mazingira hayo kama msaada, na kwa makala nyingi kilikuwa msaada kweli. Tabu ilikuwa kwamba kigezo kilichotumika kwa wanamuziki kiliundwa kwa ajili ya waimbaji na bendi za siku hizi. Kilikuwa na nafasi ya mtindo wa muziki, ya ala, ya miaka ya kazi, ya kampuni ya kurekodi, ya wasanii wanaohusiana naye. Mtu akimjaza Bach humo anaanza kutunga uongo bila kukusudia. Mtindo wa muziki wa Bach ni upi? Miaka ya kazi ya Mozart ianze lini, kwa mtoto aliyekuwa akitunga akiwa na umri wa miaka mitano? Kufikia 2007 wahariri waliojikusanya katika vikundi vya kushughulikia watunzi, opera na muziki wa klasiki walikwisha kukubaliana kwamba visanduku vya maisha visitumike katika makala zao. Wakaandika mwanzoni mwa makala nyingi ujumbe uliofichwa, usioonekana kwa msomaji bali kwa anayefungua ukurasa kuuhariri, ukimwomba asiongeze kisanduku kabla ya kupata makubaliano. Wapinzani wao waliuona ujumbe huo kama uzio uliowekwa na watu wachache katika shamba la umma, na katika hilo walikuwa na hoja nzuri: hakuna kikundi kinachomiliki makala ya Wikipedia.

Ila tuutazame ushahidi wenyewe, kwa maana hapo ndipo waliokataa kisanduku walipokuwa na nguvu. Hakuna anayejua siku aliyozaliwa Beethoven. Kinachojulikana ni kwamba alibatizwa Bonn tarehe 17 Desemba 1770, na kwa kuwa desturi ya mahali pale ilikuwa kubatiza mtoto haraka, wengi hukisia tarehe 16. Kisanduku chenye mstari wa "alizaliwa" kinadai tarehe, na mhariri mwenye haraka ataiandika. Chopin ana tarehe mbili: kumbukumbu ya ubatizo wake inasema 22 Februari 1810, ilhali yeye na familia yake walisherehekea tarehe 1 Machi. Kisha Mozart. Alizaliwa Salzburg tarehe 27 Januari 1756, na Salzburg wakati huo haikuwa Austria. Ilikuwa dola ndogo iliyotawaliwa na askofu mkuu, ndani ya Dola Takatifu la Kirumi, na haikutulia mikononi mwa Austria mpaka 1816, miaka ishirini na mitano baada ya kifo chake. Katika barua zake alijihesabu Mjerumani. Aliishi Vienna tangu 1781. Ukiandika "Mwaustria" umemhamishia mtu nchi ambayo, kwa umbo tunalolijua, ilikuja baadaye. Ukiandika "Mjerumani" umempa taifa ambalo kama dola halikuwepo hadi 1871. Liszt alizaliwa 1811 katika kijiji cha ufalme wa Hungaria ambacho tangu 1921 kimo Austria. Lugha yake ya kwanza ilikuwa Kijerumani, na bado alijitangaza Mhungaria hadharani. Mambo haya yote yanaelezeka vizuri katika sentensi tatu. Katika neno moja hayaelezeki, na anayelazimishwa kuchagua neno moja atachagua upande, ajue asijue.

Upande wa pili nao haukuwa wa wapumbavu. Msomaji anayefungua makala kwa simu, kwa bando la kuhesabu, akitaka kujua tu kama Brahms alikuwa hai Wagner alipofariki, ana haki ya kupata jibu bila kupitia aya nne. Wako wengi wanaosoma Kiingereza kama lugha ya pili au ya tatu, na kwao mistari michache iliyopangwa ni rahisi kuliko nathari ndefu ya kitaaluma. Zaidi ya hayo, programu za kompyuta hazisomi nathari kama mtu. Huchota taarifa zilizopangwa katika nafasi maalumu. Mwaka 2012 Google ilianza kuonyesha kando ya matokeo ya utafutaji muhtasari wa aina hiyohiyo, na mwaka huohuo ikazaliwa Wikidata, hifadhi ya taarifa inayohudumia Wikipedia za lugha zote, ya Kiswahili ikiwemo. Mtu aliyekataa kisanduku kwa sababu ya utata wa Bonn au Salzburg alikuwa, kwa hesabu ya waliokitaka, anawanyima wasomaji wa mbali kitu kidogo cha maana. Hoja hii siipuuzi. Ninachopinga ni ile hatua inayofuata, ya kudhani kwamba kwa sababu taarifa inahitajika basi ipo.

Mwaka 2013, ambao ulikuwa mwaka wa kuadhimisha miaka 200 tangu kuzaliwa kwa Wagner na Verdi, ubishi ulifurika mpaka ukafika kwenye Kamati ya Usuluhishi. Kamati ilikataa kuupa ushindi upande wowote. Ilisema kisanduku si lazima wala si marufuku, na kwamba uamuzi ufanywe na wahariri wa kila makala kwa majadiliano. Baadhi ya wahariri wakawekewa mipaka, hata katika idadi ya mara wanazoweza kuchangia mjadala mmoja. Wengi waliliona jibu hilo kuwa la kukwepa, na kwa kweli lilisababisha vita ileile kupiganwa upya ukurasa kwa ukurasa, hadi kesi ya pili mwaka 2018, ambayo safari hii ilihusu zaidi adabu ya wabishi kuliko kisanduku chenyewe. Lakini jibu la 2013 lilikuwa na faida ambayo amri moja ya jumla isingekuwa nayo. Kwa kuwa kila makala ilipaswa kujadiliwa peke yake, waliotaka kisanduku walilazimika kujibu swali la Beethoven kwa Beethoven na la Mozart kwa Mozart. Hawangeweza tena kubandika kigezo cha bendi na kuondoka.

Wako watakaosema: yote haya yangeepukwa kama kazi ingeachiwa wataalamu. Jibu ni la kihistoria. Kamusi ya Grove ilipotoka upya mwaka 1980 katika mabuku 20, chini ya mhariri Stanley Sadie, kazi iliyoheshimiwa kuliko zote katika fani hiyo, ndani yake mlikuwemo maisha ya watunzi wawili ambao hawajawahi kuishi: Guglielmo Baldini na Dag Henrik Esrum-Hellerup. Utani wa wataalamu ulipita katikati ya wataalamu. Wakatolewa, lakini aliyekwisha nunua mabuku yake alibaki nao rafuni. Wala sisemi Wikipedia ina makosa machache kuliko Grove. Katika kina cha elimu ya muziki Grove haijafikiwa. Nasema kosa la Wikipedia linaonekana lilipoingia, nani alilipinga, kwa chanzo gani. Ni kweli wasomaji wachache hufungua ukurasa wa majadiliano, na ni kweli pia kwamba humo mwenye subira ya kubishana mara nyingi humshinda mwenye elimu. Gharama hiyo ililipwa na watu, na siwezi kuwalaumu waliochoka.

Hatimaye kisanduku kilishinda. Beethoven alipata chake, na mwaka 2023, baada ya mjadala mrefu, wahariri walikubaliana kumpa Mozart pia. Lakini kitazame kilichoshinda. Katika kisanduku cha Beethoven, pale ambapo tarehe ya kuzaliwa ingewekwa pana tarehe ya ubatizo, ikiitwa ubatizo. Mtindo wa muziki haumo, kampuni ya kurekodi haimo, miaka ya kazi haimo, na kiungo kimoja kinampeleka msomaji kwenye orodha ya kazi zake zote. Hiki sicho kisanduku kilichoombwa mwaka 2007; ni kisanduku kilichopunguzwa na hoja za watu waliokikataa, mstari kwa mstari. Na aya ya kwanza ya makala ya Mozart inamtaja kama mtunzi wa kipindi cha Klasiki bila kumpa utaifa wowote.

Ubishi umehamia sasa Wikidata, ambako mfumo unaruhusu jambo moja kuwa na majibu mawili au matatu, kila moja na chanzo chake. Chopin anaweza kuwa na tarehe mbili za kuzaliwa bila yeyote kufukuzwa. Kazi iliyobaki ni kwa wale wanaochota kutoka huko, injini za utafutaji na programu zinazojibu maswali kwa sauti, ambazo kutoka katika majibu mawili huchagua moja na kumpa msomaji bila kumwambia kwamba la pili lipo, wala kumwonyesha ukurasa ambako linaweza kupingwa.