Mizani ya Pamba na Vita vya Kuondoa Umaskini: Funzo la Bariadi

Katika vikao vyetu umaskini hutajwa daima pamoja na ujinga na maradhi kuwa ni adui wa Taifa. Lakini adui asiyejulikana maskani yake hapigwi. Wako wanaosema kwamba maskini ni maskini kwa sababu ni mvivu. Wako wengine, wenye huruma zaidi, wanaosema kwamba maskini anahitaji sadaka. Historia ya mkulima wa pamba wa Bariadi inazikanusha fikra zote mbili. Inafaa isomwe na kila kada na kila mwanafunzi.

Jasho lilikuwapo, sauti haikuwapo

Wakati wa ukoloni Bariadi ilikuwa sehemu ya Wilaya ya Maswa, katika Jimbo la Ziwa. Baada ya Vita Kuu ya Pili kilimo cha pamba kilipanuka kwa kasi Usukumani kote. Mkulima alilima, akapalilia, akachuma, akabeba mzigo wake hadi kituo cha kununulia. Hakupungukiwa na jasho. Alichopungukiwa ni sauti katika soko. Mnunuzi ndiye aliyekuwa mwenye mizani, ndiye aliyeisoma, na ndiye aliyeandika ratili. Asiyejua kusoma alipokea alichopewa. Hapo ujinga na umaskini vilishikana mikono, na kazi ya msimu mzima ikanyonywa kwa dakika moja.

Wakulima hawakungoja mwokozi. Tangu zamani walikuwa na desturi ya vikundi vya kazi vya vijana, chini ya viongozi walioitwa basumba batale, vilivyolima mashamba ya wanakijiji kwa zamu. Desturi hiyo ya kushirikiana ikageuzwa kuwa silaha. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakulima waliweka wapimaji wao wenyewe kwenye vituo, wasimame kando ya mnunuzi na kuisoma mizani. Mwaka 1952 kikaundwa chama cha wakulima wa Jimbo la Ziwa kikiongozwa na Ndugu Paul Bomani, na mwaka 1955 likazaliwa shirikisho kubwa la ushirika lililojulikana kama VFCU.

Tukumbuke kwamba tangu 1954 hadi 1958 TANU ilipigwa marufuku Usukumani. Siasa ilipozibwa mdomo, ushirika ukawa shule: humo wanachama walijifunza kuchagua viongozi, kusikiliza mahesabu na kuuliza maswali. Hadi Uhuru ulipopatikana, pamba ya jimbo zima ilikuwa ikinunuliwa na ushirika, uliokuwa na viwanda vyake vya kuchambulia.

Chombo kilipowatoka wenyewe

Hatuna haja ya kuficha yaliyofuata. Baadhi ya viongozi wa ushirika waliugeuza mrija, na mwaka 1966 Tume ya Rais iliwekwa kuuchunguza. Ugonjwa ulikuwapo kweli, lakini dawa ya mwisho ilimwondoa mwenye mali. Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa, na ununuzi wa pamba ukashikwa na mamlaka ya Serikali. Sheria ya kuvirudisha ilipitishwa mwaka 1982, na mwaka 1984 Mwalimu Nyerere alikiri hadharani kwamba kuvivunja lilikuwa ni kosa. Katika miaka ya 1990 biashara ya pamba ilifunguliwa kwa wanunuzi binafsi. Mwaka 2018 Serikali ikaagiza pamba inunuliwe tena kupitia vyama vya msingi vya ushirika, AMCOS. Kufikia wakati huo Bariadi ilikwisha kuwa makao ya Mkoa wa Simiyu, ulioanzishwa mwaka 2012.

Mizani ya dunia

Kulinda mizani ya kijijini hakutoshi. Mwaka 2019 bei ya dunia ilishuka, wanunuzi wakasita, na wakulima wengi wakakaa miezi wakingoja malipo yao. Iko mizani nyingine, kubwa zaidi, ambayo mkulima wa Simiyu haioni. Marekani iliwalipa wakulima wake wa pamba ruzuku kubwa. Brazil ilishtaki mwaka 2002 mbele ya Shirika la Biashara Duniani, na mwaka 2004 ikashinda. Mwaka 2003 Benin, Burkina Faso, Mali na Chad zilisimama pamoja kudai ruzuku hizo ziondolewe. Wapimaji wa Usukuma walikuwa wamepata warithi katika uwanja wa mataifa.

Kwa kipimo cha Benki ya Dunia cha mwaka 2025, yaani dola 3 kwa siku, zaidi ya watu milioni 800 wanaishi katika ufukara. Kwa nini ufukara wa mtu wa mbali utuhusu? Kwa sababu mwenye njaa huuza kwa bei yoyote. Kijijini, jirani mmoja aliyelazimika kuuza pamba yake ingali shambani huvunja msimamo wa wote. Ndivyo ilivyo duniani: maadamu liko taifa linalolazimika kuuza jasho lake kwa bei ya kutupa, mnyonyaji ana mahali pa kukimbilia.

Wajibu wetu

Kwanza, kada asimame karibu na mizani, lakini asiishike: ahakikishe kwamba mkutano mkuu wa chama cha msingi unafanyika na mahesabu yanasomwa kwa lugha inayoeleweka. Pili, mwanafunzi anayerudi nyumbani aisome risiti ya mzazi wake na ya jirani asiyejua kusoma. Tatu, kaya isiyo na chakula isaidiwe mapema, kwa maana msaada huo ni ngao ya bei ya kijiji kizima. Nne, tudai viwanda vya nyuzi na nguo, kwani anayeuza marobota ya pamba peke yake humwachia mwingine sehemu kubwa ya thamani. Tano, tuunge mkono kila taifa maskini linalodai bei ya haki.

Sadaka humfikisha maskini kesho. Haki kwenye mizani humfikisha mahali ambapo hahitaji sadaka tena.