Vijana wa Ufuoni na Kamera za Ulaya

Mei 2012, filamu iliyopigwa katika pwani ya Kenya iliingia mashindanoni kwenye Tamasha la Cannes, Ufaransa. Filamu hiyo, Paradies: Liebe, iliongozwa na Ulrich Seidl wa Austria. Inamhusu Teresa, mama wa makamo anayekuja likizo kando ya bahari, akaishia kununua mapenzi ya vijana wa ufuoni. Munga, kijana anayemliwaza huku akimwomba pesa, aliigizwa na Peter Kazungu, ambaye hakuwa mwigizaji wa taaluma.

Kwa wakazi wa Malindi na Watamu, hadithi hiyo haikuwa ngeni. Waitaliano walijenga kituo cha kurushia setilaiti huko Ngomeni katika miaka ya 1960, kisha zikafuata hoteli, majumba ya kifahari na biashara ya utalii. Nyuma ya neema hiyo palikuwa na maumivu. Desemba 2006, ripoti ya UNICEF na Serikali ya Kenya ilikadiria kwamba wasichana 10,000 hadi 15,000 wenye umri wa miaka 12 hadi 18 katika maeneo ya Malindi, Kilifi, Mombasa na Diani walikuwa wakijiuza mara moja moja.

Filamu ya Seidl haikuhusu watoto, lakini ilizua swali gumu. Seidl hawapi waigizaji mazungumzo yaliyoandikwa. Huwaacha wabuni maneno mbele ya kamera. Katika onyesho moja, wanawake wanamleta kijana chumbani kama zawadi ya siku ya kuzaliwa, wakamvua nguo na kumchezea. Wapo waliosifu filamu kwa kuanika dhuluma ya pesa. Wengine walisema inarudia dhuluma ileile inayoilaani. Mimi nauliza: kijana asiye na kazi anapokubali kuvua nguo mbele ya kamera ya kigeni, ana uwezo gani wa kukataa katikati ya kazi?

Miaka 10 baadaye swali hilo lilirudi kwa kishindo. Septemba 2022, jarida la Der Spiegel la Ujerumani liliripoti madai kwamba watoto walioigiza katika filamu ya Seidl, Sparta, iliyopigwa Romania, pamoja na wazazi wao, hawakuelezwa ipasavyo kwamba ilihusu mtu anayetamani watoto kingono. Seidl alikanusha. Tamasha la Toronto liliiondoa filamu hiyo. La San Sebastián, Uhispania, likaionyesha.

Kilifi yenyewe imetoa mfano wa njia nyingine. Maia Lekow na Chris King walipiga filamu ya hali halisi, The Letter, kwa miaka kadhaa, wakimfuata Karisa, kijana aliyetoka Mombasa kurudi kwao baada ya kusikia bibi yake akiitwa mchawi. Jambo hilo lingeweza kugeuzwa kuwa sarakasi ya ushirikina. Badala yake, filamu inakaa na familia, inasikiliza wanaolaumu na anayelaumiwa. Ilionyeshwa Amsterdam mwaka 2019, kisha ikaiwakilisha Kenya katika kinyang'anyiro cha Oscar.

Sheria zetu zimekuwa kali zaidi kwa kile mtazamaji anachokiona. Mwaka 2018 Bodi ya Uainishaji wa Filamu ilipiga marufuku filamu Rafiki ya Wanuri Kahiu kwa sababu ya maudhui yake. Ulinzi wa anayepigwa picha umechelewa, lakini umefika: Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inampa mtu haki ya kuondoa ridhaa yake, na mwaka 2023 shule moja ilitozwa faini ya Sh4.55 milioni kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi.

Serikali ya Kaunti ya Kilifi na wanaotoa vibali vya filamu waanzie hapo. Mkataba uandikwe kwa Kiswahili, hadithi yote ielezwe kabla ya kamera kuwashwa, na mtoto awe na msimamizi asiyelipwa na mtayarishaji. Nawe kijana wa ufuoni, usitie sahihi karatasi usiyoielewa. Dai usomewe mpaka uelewe.