Usugu wa bakteria kwa wagonjwa mahututi: Tarime na Serengeti hadi Bugando

Historia ya bakteria sugu kwa wagonjwa mahututi wa Tarime na Serengeti imeandikwa zaidi Mwanza kuliko mkoani Mara kwenyewe. Kwa miongo mingi mgonjwa aliyezidiwa alipewa rufaa: wa Tarime akavuka Mto Mara kwenye daraja la Kirumi, wa Serengeti akapitia Bunda, na safari ikaishia Bugando, hospitali ya kanda jijini Mwanza iliyofunguliwa mwaka 1971.

Mgonjwa wa aina hiyo hulazwa akiwa na mpira wa kupumulia kooni, mpira wa mkojo na kanula mshipani. Vyote humsaidia kuishi, na vyote huwafungulia bakteria njia. Bakteria wa kundi la Gramu hasi kama Klebsiella, Pseudomonas na Acinetobacter hudumu kwenye reli za kitanda, kwenye masinki na katika mikono isiyonawiwa.

Ukubwa wa tatizo nchini ulionekana kwanza Muhimbili, Dar es Salaam. Watafiti walifuatilia watoto waliolazwa kati ya Agosti 2001 na Agosti 2002. Kati ya waliokuwa na bakteria wa kundi la Gramu hasi kwenye damu, asilimia 43.5 walifariki, zaidi ya mara mbili ya vifo vya malaria katika utafiti huohuo. Pale bakteria walipotengeneza vimeng'enya vya ESBL, vinavyovunja dawa za jamii ya seftriaksoni, vifo vilifika asilimia 71. Ni takwimu nzito, hasa kwa nchi ambayo kwa miaka mingi kila homa ya mtoto ilihesabiwa kuwa malaria.

Bugando ikafuata. Mwaka 2009 ilichapishwa ripoti kwamba asilimia 64 ya Klebsiella pneumoniae waliopimwa hapo walikuwa na ESBL. Mwaka 2014 ukaja utafiti wa bakteria 227 waliokwisha kuwa sugu kwa dawa nyingi: asilimia 35 walibeba jeni za kuvunja kabapenemu, kundi la meropenemu, ambalo madaktari hulitunza kama akiba ya mwisho.

Matokeo hayo yote yalitokana na kuotesha, kazi isiyokubali haraka. Damu ya mgonjwa huingizwa kwenye chupa yenye chakula cha bakteria na kuwekwa kwenye joto la nyuzi 37. Wakiota, husambazwa kwenye sahani ya agari, kisha vikaratasi vidogo vilivyolowekwa dawa hupangwa juu yake. Kesho yake hupimwa duara tupu linalokizunguka kila kikaratasi. Pasipo na duara, dawa hiyo imeshindwa. Majibu huchukua siku mbili, tatu au zaidi, na mgonjwa mahututi hana muda huo. Huanzishiwa dawa kwa kukisia, mara nyingi seftriaksoni, ileile aliyokwisha kuchomwa kabla ya rufaa.

Usugu wenyewe haukuzaliwa wodini peke yake. Dozi zinazokatizwa nyumbani na oksitetrasaiklini anayoichoma mfugaji bila daktari wa mifugo huchangia pia.

Mwaka 2021 serikali ilipata mkopo wa shilingi trilioni 1.3 kutoka Shirika la Fedha la Kimataifa kwa ajili ya kukabili UVIKO-19, na sehemu yake ikajenga wodi za mahututi na majengo ya dharura katika hospitali mbalimbali nchini. Uwezo wa kuotesha bakteria haujasambaa kwa kasi hiyo. Hospitali nyingi za wilaya bado hazina huduma hiyo. Mpango kazi wa kwanza wa taifa dhidi ya usugu ulianza mwaka 2017 na wa pili unaishia 2028, na katika yote miwili maabara na udhibiti wa maambukizi hospitalini ni miongoni mwa majukumu makuu.