Sakafu za Mbao za Wazee Wetu

Wazee wetu wa Rungwe walijua kukaa mahali safi kabla ya Injili kufika. Joseph Thomson, aliyepita nchi ya Konde mwaka 1879, aliyasifu sana makazi yao. Lakini sakafu zao zilikuwa za udongo. Sakafu za mbao zilikuja pamoja na nyumba za misheni. Mwaka 1891 Wamoravian, wakiongozwa na Theodor Meyer, walifika Rungwe, na mwaka ule ule watu wa Berlin pamoja na Alexander Merensky walianza kazi Wangemannshöhe. Katika vituo hivyo vijana walijifunza kusoma, tena walijifunza kupasua magogo na kupiga randa.

Basi ubao wa sakafu ya kale ni jasho la wenyeji. Hata mwaka 1916, vita vilipofika huku na wamisionari Wajerumani wakaondolewa, walimu na wazee ndio waliotunza sharika, wakisaidiwa na Waskoti wa Livingstonia, mpaka Wajerumani waliporudi katikati ya miaka ya 1920. Kwa hiyo twasema: sakafu ya namna hii ising'olewe upesi ili kumwaga saruji.

Adui wake wa kwanza ni maji. Sisi wa Ikuti twaijua mvua ya Rungwe, ipitayo milimita 2,000 kwa mwaka. Kwanza paa lizibwe, na matundu ya hewa chini ya sakafu yafunguliwe. Kisha vipande vilivyooza vitolewe, vitiwe vikavu vya mti ule ule. Vichwa vya misumari vizamishwe, visije vikararua msasa. Jina hilo latokana na mti msasa, ambao kwa majani yake yenye kukwaruza watu wa kale walilainisha mbao. Anza na msasa mkali, maliza na laini, ukifuata nyuzi za mbao. Usisugue kupita kiasi, maana ubao uliopungua haurudi. Vumbi likiisha kupanguswa, paka mafuta ya kitani au nta. Matambara yenye mafuta yatandazwe nje yakauke, kwa kuwa yakirundikwa huweza kuwaka yenyewe.

Twasoma katika 2 Wafalme 12 jinsi fedha za sanduku, siku za mfalme Yoashi, walivyopewa maseremala na waashi, wakatengeneza mabomoko ya nyumba ya Bwana. Hawakuibomoa nyumba ya baba zao. Yafaa sadaka zetu za jubilei zifuate njia hiyo.