Dhahabu ya Ituri mbele ya sheria: hesabu ilisaidia nini?

Wakati wa vita, kundi la FNI lilishika Mongbwalu, katika eneo la Djugu. Wachimbaji walilipa ushuru kwa watu wenye silaha, na dhahabu ikavuka mpaka kwenda Uganda.

Mwezi wa kumi na moja 2013, shirika la TRIAL la Uswisi lilipeleka mashitaka dhidi ya Argor-Heraeus, kampuni ya Uswisi yenye kuyeyusha dhahabu. Lilisema karibu tani 3 za dhahabu iliyoporwa Ituri zilipita humo kati ya 2004 na 2005. Kampuni ilikana kufanya kosa.

Sheria ya Uswisi juu ya kusafisha pesa chafu inamgusa mtu mwenye kujua, ao mwenye kupaswa kudhani, kwamba mali imetoka katika uhalifu mkubwa. Hapo hesabu inaingia. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa walionyesha kwamba Uganda ilikuwa inauza inje dhahabu nyingi kuliko ile iliyochimba. Jirani asiye na shamba akileta magunia ya mahindi kila juma, mwenye duka atamuuliza ameyatoa wapi.

Lakini mwaka wa 2015 mwendesha mashitaka wa Uswisi alifunga kesi hiyo. Hakupata ushahidi kwamba kampuni ilijua asili ya dhahabu. Hesabu inaweza kuleta mashaka, ila peke yake haionyeshi kile mtu alijua.

Mahakama ya Kimataifa ya Haki, kule La Haye, ilifuata njia ingine. Kesi yake haikuwa ya pesa chafu. Ilikuwa ya Congo na Uganda, juu ya vita vilivyoanza 1998. Mwaka wa 2005 ilisema Uganda ilikalia Ituri, basi ilipaswa kuzuia uporaji. Tarehe 9 mwezi wa pili 2022 iliamua Uganda ilipe dola milioni 325. Kwa mali ya asili, Congo iliomba zaidi ya dola milioni 1,000. Majaji walitoa milioni 60, kwa makadirio, sababu ushahidi haukutosha kwa hesabu kamili.

Pande zote mbili, karatasi ndiyo ilikosekana. Hata leo, kwa familia iliyokimbia, kuandika kilichoporwa, siku na mahali, ni kulinda haki yake.