Viazi Karai Bila Karai

Mashine yenyewe niliinunua Mombasa, ya mitumba, shilingi elfu nne na nusu, muuzaji akiapa kwa jina la mama yake kwamba inafanya kazi. Nikaipakata kwenye basi hadi Voi kama mtoto mgonjwa. Mama alipoiona mezani akauliza kama ni redio. Nikamwambia ni eafraya, inakaanga bila mafuta. Akacheka mpaka akakaa chini.

Na ana haki ya kucheka. Mama amekaanga viazi karai kando ya steji ya Voi kwa miaka kumi na tisa. Ukimwambia mtu kama huyo kuna kukaanga bila mafuta, ni kama kumwambia baharia kuna bahari isiyo na maji.

Lakini mwaka jana alipimwa presha, na daktari akamwambia apunguze chumvi na mafuta. Shida ni kwamba mama huonja. Kila karai likishuka lazima ale kipande, kwa sababu, anasema, utauzaje kitu ambacho hujui ladha yake? Vipande vyake vya kuonja kwa siku moja ni sahani nzima ya mteja. Na viazi hivyo hivyo ndivyo vilivyonilipia chuo mihula mitatu kabla sijaacha. Hilo la kuacha hatujawahi kulizungumza vizuri. Kwa hiyo mashine niliyoipakata ilikuwa na deni ndani yake, na sote wawili tulijua.

Nilikuwa nasomea historia. Mtu akiacha chuo, maswali hayaachi kuja, yanakosa tu mtihani. Langu lilikuwa hili: nani alituletea karai?

Anza na majina. Karai ni neno la Bara Hindi, karahi, chungu kipana cha chuma cha kukaangia. Bajia imetoka huko huko, chapati pia. Mbatata ni batata ya Wareno, na kiazi chenyewe ni mzaliwa wa milima ya Andes, Amerika Kusini. Yaani sahani moja ya mama ya shilingi hamsini, ukiongeza ukwaju na pilipili, imezunguka dunia kabla ya kufika steji. Pwani walikuwa wanafanya biashara na Wahindi karne nyingi kabla ya Mwingereza, kwa hivyo sisemi viazi karai vilishuka kwenye treni. Ila kutoka Pwani hadi huku bara penye vumbi, naamini karai lilipanda reli.

Reli ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896. Kufikia Machi 1898 ilikuwa imeshatupita hapa Voi na kufika mto Tsavo, ambako injinia John Henry Patterson alikuta simba wawili wanaokula wafanyakazi wake. Stori ya simba kila mtu anaijua, hata filamu zipo. Ya chakula haijulikani. Vibarua kama 32,000 waliletwa kutoka Bara Hindi. Kama 2,500 kati yao walikufa, na zaidi ya 6,000 walibaki baada ya kazi kwisha. Na watu hao walikula. Mchele, dengu na samli yao vililetwa kwa meli kutoka kwao, kisha kwa treni hadi kambini.

Sasa inua macho kutoka relini utazame vilima. Huko juu Taita watu walikuwa wakulima hodari, wenye mifereji ya kumwagilia mashamba iliyochimbwa kufuata mteremko, wakilima miwa, ndizi, viazi vikuu na maharagwe. Chakula kilichemshwa na kupondwa, ndiyo kimanga tunayokula mpaka leo, au kilichomwa kwenye majivu. Ukitaka kitu kikavu kinacholia mdomoni, ulikula ngozi ya kiazi kitamu iliyoungua motoni. Mafuta ya kumwaga chunguni mpaka chakula kiogelee? Nani angekuwa nayo?

Na miaka ile ile reli ilipopita, mvua ilikataa. Njaa ya 1898 na 1899 iliua watu Ukambani, Taita na Pwani. Huwa nafikiria picha hii sana: chini, kwenye tambarare, samli inayeyuka kambini, juu, kwenye vilima, mama anachimba mizizi porini. Umbali kati yao ni mwendo wa siku moja kwa miguu. Hakuna kitabu kilichonipa picha hiyo, nimeziweka tarehe mbili kando kando tu.

Reli ya pili ilikuja na vita. Mwaka 1915 Waingereza walianza kutandaza njia kutoka Voi kwenda Maktau, ili wawafikie Wajerumani waliokuwa wameikalia Taveta. Tarehe 12 Februari 1916 wanajeshi wa Afrika Kusini walishambulia kilima cha Salaita wakarudishwa mbio, na Wabaluchi, askari wa kutoka Bara Hindi, ndio walioshikilia nyuma ili wenzao wapone. Makaburi ya vita hivyo yako Voi, Maktau na Taveta. Ya Voi nimepita kandokando yake maisha yangu yote nikienda kununua makaa.

Baada ya hapo ni maduka. Kila stesheni ilipata duka la Mhindi, na kwenye rafu ya duka pakawa na mafuta. Kisha ikaja mikebe ya mafuta mazito. Mama anakumbuka utotoni kwao Werugha mkebe wa Kimbo ukiwekwa juu kabisa, karibu na Biblia, unashushwa mgeni akija. Waliokosa mkebe walitumwa kibandani kununua kijiko kimoja kwenye karatasi. Kukaanga kulikuwa kutangaza: leo tuna uwezo. Ndiyo maana siwezi kumlaumu mtu wa umri wake anayeona chakula kisichong'aa mafuta kama chakula cha msiba.

Mwaka 2022 tuliona tena nani anashika mkebe. Vita vya Ukraine vilizuia mafuta ya alizeti, na mwezi wa Aprili Indonesia ikasimamisha kuuza nje mafuta ya mawese kwa karibu mwezi mzima. Serikali iliyo ng'ambo ya bahari ilifanya uamuzi, na mama wa Voi akakata viazi vyembamba zaidi. Wateja walilalamika. Wengine walisema amekuwa mchoyo. Hakuna aliyemtaja Rais wa Indonesia.

Eafraya ilizaliwa kwenye dunia nyingine kabisa. Ilianza na Mholanzi, Fred van der Weij, na kampuni ya Philips ikaizindua Berlin mwaka 2010. Ni kifaa cha watu walioshiba mafuta wakaanza kuyaogopa. Ndani hakuna muujiza: kuna koili ya moto juu na feni inayosukuma hewa kwa nguvu kuzunguka kikapu chenye matundu. Hewa hubeba joto vibaya ukilinganisha na mafuta, kwa hivyo lazima ikimbizwe. Kazi yake ni kufukuza maji kwenye ngozi ya chakula, kwa sababu penye maji joto halivuki digrii 100, na ule ukahawia mtamu unataka kama 140 kwenda juu.

Nilipoielewa hivyo ndipo nikaelewa kwa nini tulifeli mara ya kwanza. Mama alichovya viazi kwenye uji wa unga wa dengu na bizari, kama siku zote, akaviweka kwenye kikapu. Uji ukadondoka wote kupitia matundu, feni ikapuliza uliobaki, na tulichokula kilikuwa viazi vya kuchemsha vyenye madoa ya manjano. Hakusema kitu. Alinitazama tu, na nikahisi mihula yote mitatu kwenye jicho hilo.

Mara ya pili niliacha viazi. Nilichukua mboga za Wundanyi, karoti na koliflawa, na kipande cha malenge. Nikazipangusa kwa kitambaa mpaka zikakauka kabisa. Kijiko kimoja cha mafuta kwa bakuli zima, kitunguu saumu, binzari nyembamba, pilipili, chumvi ya kubana kwa vidole viwili, kisha unga wa dengu mkavu ukinyunyizwa juu, siyo uji. Digrii 200, bila kurundika, maana zikirundikana zinatoa jasho. Dakika nane, tikisa, dakika nane tena. Tokeni ilishuka nikiitazama; mashine hii inakula umeme kama mgeni asiyejua kuaga.

Mama alivunja karoti karibu na sikio, kama anavyofanya na viazi vyake. Ikalia. Akala. Akachukua malenge, akala, kisha koliflawa, ambayo maishani mwake hajawahi kuipenda.

"Ukwaju uko wapi?" akauliza.

Nikamletea. Alikula bakuli lote amesimama, halafu akafunga leso, akabeba karai lake akaenda steji, kwa sababu saa kumi basi za Mombasa zinaingia na wateja hawali upepo. Ila siku hizi hubeba kikopo kidogo cha zile karoti. Kila karai likishuka anampa mteja wa kwanza kipande aonje, anamuuliza chumvi imefika, naye anatafuna karoti akingoja jibu.